Maswali ya Wasomaji: Magonjwa ya Mlipuko na Ramani za Miji Yetu

Makala ya toleo lililopita kuhusu usafi wa miji ya Afrika Mashariki imeleta barua nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua tano zinazogusa jambo moja, nalo ni namna magonjwa ya mlipuko yanavyobadilisha fikra za watu kuhusu mji: nani aishi wapi, mtaa upi uhesabiwe kuwa wa hatari, na lawama imwangukie nani. Barua nimezifupisha, lakini hoja za waandishi wake sikuzigusa.

SWALI: Kwa mwandishi wa safu hii, salamu nyingi. Ninasomea mipango miji hapa Nairobi. Mhadhiri wetu alisema kwamba mji huu uligawanywa kwa rangi kwa sababu ya tauni. Mwenzangu alipinga, akasema ubaguzi ungekuwepo hata kama asingekufa panya mmoja. Nani kati yao yuko sahihi? — Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Kila mmoja ameshika upande wake wa ukweli. Nianze na upande wa mhadhiri wako.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Wahandisi walipapenda mahali hapo kwa sababu palikuwa tambarare na palikuwa na maji, na reli ilihitaji kambi kubwa kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Aliyefikiria kwamba hapo ungekuja kusimama mji mkuu hakuwepo. Ardhi ilituamisha maji ya mvua, mitaro ya maana haikuchimbwa, na wafanyabiashara wa Kihindi walipewa viwanja vidogo vilivyobanana karibu na kituo, wakajenga maduka ya mabati na mbao ambamo waliuza mchana na kulala usiku, huku magunia ya nafaka yakirundikwa humo humo. Penye nafaka panya hawakosi. Tauni ilipozuka mwaka 1902 katika soko hilo, lililojulikana kama Bazaa ya Wahindi, utawala uliliteketeza kwa moto. Ugonjwa ulirudi tena na tena katika miaka iliyofuata, na kukawa na madaktari waliopendekeza mji mzima uhamishwe kwa sababu ya majimaji yake, pendekezo ambalo lilikataliwa kwa kuwa reli na serikali zilikwisha kutumia fedha nyingi mno kurudi nyuma.

Ili kuelewa kwa nini moto ulionekana kuwa dawa, inafaa kukumbuka kilichojulikana wakati ule. Alexandre Yersin alikuwa amewatambua bakteria wa tauni mjini Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akifanya kazi Karachi, alieleza kwamba ugonjwa huhamishwa na viroboto wa panya. Maelezo ya Simond hayakukubaliwa upesi. Madaktari wengi waliendelea kuamini kwamba tauni hukaa ndani ya udongo, ndani ya kuta, na katika mazoea ya watu wanaoishi kati ya kuta hizo. Imani mbili hizo zinazaa miji miwili tofauti kabisa. Anayeamini kwamba adui ni kiroboto atahangaika na panya, maghala na takataka, lakini anayeamini kwamba ugonjwa unakaa katika nyumba ya Mhindi au ya Mwafrika, na katika namna anavyoishi, atamhamisha mwenye nyumba.

Sasa aingie William John Simpson, daktari Mwingereza ambaye naona mitaala ya mipango miji ingepaswa kumtaja mapema zaidi. Kuanzia mwaka 1886 alikuwa ofisa wa afya wa mji wa Calcutta. Mwaka 1901 alikuwa Cape Town kama mshauri wakati wa tauni, mlipuko ambao serikali ya huko iliutumia kuwaondoa maelfu ya Waafrika mjini na kuwapeleka Uitvlugt, mahali palipokuja kuitwa Ndabeni, ingawa tauni haikuwachagua wao peke yao. Mwaka 1902 alikwenda Hong Kong, na mwaka 1908 Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kisha mwaka 1913 Wizara ya Makoloni ilimtuma Afrika Mashariki, Uganda na Zanzibar kukagua hali ya afya. Mtu huyu mmoja alibeba ramani moja kichwani kutoka bandari hadi bandari, na kila alipofika aliikuta miji inayotofautiana kwa historia, hali ya hewa na wakazi, lakini alichokipendekeza kilifanana.

Kwa miji yetu alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watengewe sehemu zao zilizo wazi kabisa, na kati ya makazi ya Wazungu na ya wengine uachwe ukanda wa ardhi isiyojengwa wenye upana wa yadi 300 au zaidi, yaani karibu mita 270. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya afya: kwamba magonjwa ya jamii hizo na desturi zao hazilingani, na kwamba Mzungu hawezi kuwa salama akiishi jirani nao. Hakuuliza, walau si kwa uzito uleule, ni nani aliyegawa viwanja vidogo vile karibu na kituo, wala ni mtaa upi uliokuwa ukizolewa takataka kwa fedha za kodi.

Hapa ndipo mwenzako anapopata haki yake. Walowezi walikuwa wakidai kutengwa kabla Simpson hajapanda meli, na madai yao yalihusu zaidi ardhi nzuri na ushindani wa biashara kuliko viroboto. Wahindi wa Kenya walilipinga jambo hilo kwa nguvu, na mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitamka katika waraka wake maarufu kuhusu Kenya kwamba utengano wa lazima wa makazi mijini hautaendelea. Hata hivyo masharti ya hati za viwanja, ukubwa wa viwanja hivyo na bei yake viliendelea kufanya kazi ileile bila kelele. Kwa upande wa Waafrika, waraka huo haukubadilisha lolote la maana. Mapema miaka ya 1920 baraza la mji lilikwisha kuanzisha Pumwani ili kuwakusanya wakazi wa vijiji vilivyoota pembezoni mwa mji, na Pangani, kijiji cha Waswahili na watu wengine waliofika na misafara na reli, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Hata katika kubomoa Pangani, usafi ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Jibu langu, basi, ni kwamba tauni haikuuzaa ubaguzi, bali iliupa hoja ya kitaalamu ambayo mtu asingeweza kuipinga bila kuonekana anaipinga afya yenyewe. Ukitaka kulipima hili katika utafiti wako, linganisha na Bombay. Huko tauni iliingia mwaka 1896, na miaka miwili baadaye ikaundwa mamlaka maalumu ya kuuboresha mji. Mamlaka hiyo ilipasua barabara pana ili upepo wa bahari upenye mitaa iliyobanana, na ikabomoa nyumba nyingi za maskini kuliko ilizowajengea. Hoja ya rangi haikutawala huko kama ilivyotawala Nairobi, lakini waliohamishwa walikuwa tena wale wasio na sauti. Ukizitazama kesi hizi mbili pamoja utaona kipi kililetwa na ugonjwa na kipi kilikuwepo kabla yake.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Babu yangu, aliyekulia Kariakoo, husema kwamba uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi ili mbu wa Waswahili wasifike kwa Wahindi na Wazungu. Vijana tunacheka tukidhani ni utani wa wazee. Kuna ukweli wowote? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Msimcheke mzee, maana amekuwa mpole tu katika kuieleza hadithi yenyewe.

Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross alionyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na mwaka 1899 alikwenda Freetown, Sierra Leone, kuendeleza utafiti wake. Ugunduzi huo ungeweza kuwa mwanzo wa kukausha madimbwi kwa faida ya kila mtu, na Ross mwenyewe aliupigania sana mkondo huo. Wenzake wengine walifikia hitimisho jingine. Walipopima damu za watoto wa Kiafrika na kukuta vimelea hata kwa walioonekana wazima, walisema kwamba njia rahisi ya kumlinda Mzungu ni kumweka mbali na watoto hao usiku, umbali ambao mbu hawezi kuuruka kwa urahisi. Mwaka 1904 Wazungu wa Freetown wakajengewa makazi yao mlimani, Hill Station, na reli ndogo ya kuwashusha mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Kumbe watumishi wa nyumbani walilala huko huko mlimani pamoja na mabwana zao, jambo ambalo liliiondolea nadharia nzima maana yake, lakini wakubwa wa wakati ule hawakulitilia maanani sana.

Dar es Salaam ya Wajerumani ilianzia kwingine. Kanuni za ujenzi za mwaka 1891 ziligawa mji kwa aina ya jengo linaloruhusiwa, na aliyeweza kujenga nyumba ya mawe ya mtindo wa Kizungu ndiye aliyebaki upande wa bahari. Kwa vitendo kipimo hicho cha mawe na miti kiliwapanga watu kwa rangi bila kuitaja. Kuhusu malaria, Robert Koch, aliyefanya kazi ya utafiti mjini humo mwishoni mwa karne ya 19, alipendekeza watu wapimwe damu na wenye vimelea wapewe kwinini, dawa ya malaria ya wakati ule, hadi wapone, na mwanzoni mwa karne ya 20 mpango huo ulijaribiwa mjini, wakazi wa Kiafrika wakiwemo. Ulikuwa mpango wa kulazimisha na ulishindwa, lakini angalau ulimwona Mwafrika kuwa mgonjwa wa kutibiwa. Waingereza walioutawala mji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuja na kanda tatu, ambazo wakazi waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, pamoja na wazo la ukanda mtupu katikati, lile lile la Simpson niliyemtaja juu. Mnazi Mmoja ndio uliokuwa ukanda huo kati ya Uhindini na Kariakoo.

Ukitembea katika miji mingine iliyotawaliwa na Waingereza utaona mara nyingi kwamba uwanja wa gofu, bustani au uwanja wa michezo umekaa mahali ambapo ukanda wa namna hiyo ungewekwa. Wanaoburudika hapo leo hawana hatia yoyote, na mimi ni mmoja wa wanaofurahi kwamba katikati ya jiji lenye joto kama Dar es Salaam kuna kipande cha ardhi ambacho hakikujengwa. Ila babu yako anakumbuka bei ya kipande hicho: upande mmoja ulipata mitaro ya maji ya mvua na barabara mapema, na upande wa pili ukasubiri miongo kadhaa.

SWALI: Ndugu mwandishi, umezoea kutuonyesha mabaya ya wakoloni, nami sikupingi. Lakini je, hakuna mji hata mmoja duniani ambao ulitoka katika janga ukiwa mzuri zaidi kwa watu wote? — Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU: Ipo, mwalimu, na mmoja wao ulifaulu kwa nadharia iliyokosea.

London ilipigwa na kipindupindu mara ya kwanza mwaka 1832, kisha mwaka 1848 na 1849, kisha 1853 na 1854. Wataalamu wakubwa, akiwemo Edwin Chadwick, waliamini kwamba ugonjwa hutokana na hewa chafu inayopanda kutoka kwenye uozo. Mwaka 1854 daktari John Snow alichora vifo vya mtaa wa Soho kwenye ramani, akaonyesha kwamba vimelizunguka bomba moja la maji katika Broad Street. Mpini wa bomba uliondolewa tarehe 8 Septemba, wakati mlipuko wenyewe ulikuwa umeshaanza kupungua baada ya watu wengi kufa au kuukimbia mtaa. Waliofariki katika mlipuko huo wanahesabiwa kuwa 616. Snow hakuaminiwa na wengi, na alifariki mwaka 1858.

Mwaka huohuo joto la kiangazi lilifanya mto Thames, uliokuwa umejaa kinyesi cha mji, unuke kiasi kwamba wabunge, ambao jengo lao liko ukingoni mwa mto, walishindwa kufanya kazi. Kwa kuwa waliamini kwamba harufu ndiyo inayoua, walipitisha haraka fedha za mifereji mikuu ya maji taka iliyosanifiwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Mifereji ilijengwa ili kuondoa harufu, ikaondoa kinyesi katika maji ya kunywa. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866 kiliua hasa mashariki mwa London, sehemu ambayo mfumo mpya ulikuwa haujakamilika, na ushahidi huo uliwageuza wengi ambao hoja za Snow hazikuwageuza. Wanaosema kwamba lazima tuijue sayansi yote kabla ya kujenga watafakari hapo kidogo.

Mfano wa kinyume ni Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani, mji wa wafanyabiashara uliojivunia kuendesha mambo yake kwa hesabu. Wakubwa wake walijadiliana kwa miaka kuhusu gharama za kuchuja maji ya mto Elbe kwa mchanga, na ujenzi ulipoanza ulichelewa. Mwaka 1892 kipindupindu kikaja na kuua watu wapatao 8,600 katika muda wa wiki chache, huku viongozi wakisitasita kutangaza kwa hofu ya kuharibu biashara ya bandari. Mji jirani wa Altona, uliochota maji upande wa chini wa mto huohuo, yaani baada ya kupokea uchafu wote wa Hamburg, uliyachuja na ukaathirika kidogo sana. Palikuwa na mtaa mpakani ambako upande mmoja ulipata maji ya Hamburg na upande wa pili ya Altona. Hewa ilikuwa moja na udongo ulikuwa mmoja, na ugonjwa ulifuata bomba. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu mwenye busara kuendelea kusema kwamba maskini wanaugua kwa sababu ya tabia zao.

Karibu na kwetu, Zanzibar ilipigwa vibaya na kipindupindu mwaka 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, alifuatilia njia ya ugonjwa huo na kuona kwamba ulifika pwani kwa misafara kutoka bara, si kwa meli kama wengi walivyodhani. Mji uliozoea kuitazama bahari kwa hofu ulipata mgeni wake kupitia mlango wa nyuma. Watu wa mji walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa katikati ya nyumba na vyoo. Sayyid Barghash alishika utawala mwezi Oktoba mwaka 1870, na katika utawala wake maji ya chemchemi za nje ya mji yaliletwa mjini kwa mabomba, wananchi wakayachota bila malipo. Sitadai kwamba kipindupindu peke yake ndicho kilichomsukuma, kwa maana alikuwa mtawala aliyependa ujenzi. Lakini kati ya mabomba ya Barghash na kanda za Simpson, inanishangaza kwamba vizazi vilivyofuata vya watawala viliona cha kuigwa ni kanda. Bomba ni ghali, linahitaji matengenezo, na humnufaisha mtu ambaye huenda hatalipa. Mpaka hugharimu karatasi, na gharama yake hubebwa na aliyeko upande wa pili.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Mwaka 2020 mtaa wetu ulifungwa kwa ajili ya korona, watu wakatutazama kama kwamba ugonjwa ulianzia kwetu. Mpaka leo kuna jamaa wa mitaa mingine wanaotutania. Kwa nini mtaa ufungwe, na si mji mzima? Na kwa nini wachuuzi ndio hufukuzwa kwanza? — Mama mfanyabiashara, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Kwa haki, nianze na upande wa serikali. Takwimu zilizotolewa wakati ule zilionyesha maambukizi yakiongezeka Mji wa Kale na Eastleigh ya Nairobi, na tarehe 6 Mei 2020 ilitangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka katika mitaa hiyo miwili kwa siku 15, muda ambao baadaye uliongezwa. Mombasa na Nairobi zenyewe zilikwisha kuwekewa vizuizi vya usafiri tangu Aprili. Kufunga eneo dogo wakati wa mlipuko si wazo la kipuuzi. Ikiwa waliomo ndani wanapata chakula, maji na matibabu, linaweza kuokoa maisha.

Tatizo ni lile lililotangulia. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kenya, tarehe 13 Machi 2020, alikuwa msafiri aliyetoka Marekani kupitia London, na wa kwanza kutangazwa Tanzania, siku tatu baadaye, alikuwa msafiri aliyetoka Ubelgiji. Korona iliingia kwa ndege, pamoja na watu wenye uwezo wa kusafiri, lakini katika fikra za mji ikahamia haraka kwenye vichochoro. Watu wengi wa mtaa wenu waliogopa kupimwa, kwa kuwa aliyepelekwa karantini katika miezi ile ya mwanzo aliweza kudaiwa gharama zake mwenyewe. Kisha kuogopa huko kukahesabiwa kuwa ukaidi wa watu wa mtaa.

Msongamano nao husingiziwa mengi. Katika miezi ya kwanza ya janga mjini New York, Manhattan, sehemu yenye watu wengi zaidi kwa eneo, ilikuwa na kiwango cha maambukizi cha chini kuliko Queens na Bronx. Kilichowatofautisha wakazi ni idadi ya watu wanaolala chumba kimoja, na kama kazi ya mtu inamruhusu kubaki nyumbani. Nyumba za ghorofa zilizopakana si sawa na familia ya watu wanane katika chumba kimoja, ijapokuwa ramani huzipaka rangi moja.

Kuhusu wachuuzi, tazama Lusaka, mji mkuu wa Zambia. Kipindupindu kilipoenea huko mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, wanajeshi waliletwa kuwaondoa wauzaji mitaani na kusafisha masoko. Masoko yalihitaji kusafishwa, hilo sipingi. Ila mchuuzi wa matunda hazalishi vimelea vya kipindupindu; huvipata katika maji anayooshea matunda, na maji hayo hakuyachimba yeye. Mamlaka zinajua hivyo. Mchuuzi huondolewa kwa sababu anaonekana, anaondolewa kwa siku moja, na picha yake hutoka gazetini, wakati bomba lililopasuka chini ya ardhi huchukua miezi kurekebishwa na hakuna mpiga picha anayeshuka huko.

Hata kufunga mtaa kuna namna. Mwezi Agosti mwaka 2014, mjini Monrovia, Liberia, mtaa wa West Point ulizingirwa na askari kwa ajili ya Ebola bila wakazi kuandaliwa. Ghasia zikazuka, risasi zikapigwa, kijana mmoja akafariki, na karantini ikaondolewa baada ya siku kama kumi. Baadaye ugonjwa ulidhibitiwa kwa kazi ya wakazi wenyewe waliokwenda nyumba kwa nyumba. Miaka mitano baadaye, Julai 2019, Ebola ilipofika Goma na mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo, kazi ilikuwa kuwatafuta abiria wenzake na kuwachanja. Watu waliendelea kunawa mikono na kupimwa joto kwenye njia za kuingia mjini, mji haukufungwa, na wagonjwa wa Goma walibaki wachache. Utani wa jirani zako, mama, sina dawa yake.

SWALI: Ndugu mwandishi, nimestaafu na nina nyumba Dar es Salaam. Tangu janga la korona nimeamini kwamba mji ni mahali pa magonjwa, nami nataka kuiuza nyumba nirudi kwetu Lushoto, kwenye hewa safi. Unanishauri nini? — Mzee mstaafu

JIBU: Mzee wangu, kupumzika Lushoto ni jambo jema, na baridi ya Usambara naitamani hata mimi. Ila usiende kwa sababu hiyo uliyoitaja. Kuanzia mwaka 1980 hadi miaka ya 2000, tauni, ule ugonjwa uliosababisha Bazaa ya Nairobi kuchomwa moto, iliwasumbua watu wa Tanzania hasa katika vijiji vya wilaya ya Lushoto. Dar es Salaam haikuwa na habari nayo. Malale yaliua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda katika miongo miwili ya mwanzo ya karne iliyopita, na waliokufa walikuwa watu wa vijiji na visiwa vya Ziwa Viktoria, kiasi kwamba serikali ilizihamisha jamii nzima kutoka ufukweni. Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza upande wa Kongo, mwaka 1976, ilikuwa Yambuku, penye misheni na hospitali ndogo katikati ya msitu.

Wazo kwamba mji ndio mgonjwa na shamba ndilo zima lina historia ndefu. Katika karne ya 19 lilikuwa na ukweli mwingi, kwa sababu miji mikubwa ya Ulaya ilizika watu zaidi ya iliowazaa, na ikadumu tu kwa kupokea wageni kutoka mashambani. Mifereji, maji yaliyochujwa na chanjo viligeuza hesabu hiyo, na leo mtu anayeishi karibu na hospitali kubwa ana nafasi ambayo mkazi wa kijiji cha mbali hana. Tauni hutibika kwa dawa za kawaida za viuavijasumu zikianza mapema, kwa hiyo sikutishi. Lakini kuanza mapema kunategemea barabara. Kabla ya kuiuza nyumba ya mjini, nenda ukae huko kijijini msimu mzima wa masika, uone zahanati ya karibu iko umbali gani na kama gari hufika mvua zinapokolea. Na ikiwezekana nyumba ya mjini ipangishe tu kwanza.